Figa la Tatu

Mdogo wangu Ilunga alinipigia simu nikiwa sokoni hapa Mansa, nachagua nyanya. Yeye ndiye aliyebaki na mama katika nyumba yetu ya Kashikishi, karibu na bandari ya samaki, na kwa mwezi mzima alikuwa anabomoa jiko. Anataka jiko la vigae, lenye sinki na makabati ya ukutani, kama yale anayoyatazama kwenye simu yake badala ya kufanya kazi.

"Yaya, mafundi bamekataa kutumika kazi," akasema, kwa jina ambalo kwetu huitwa dada mkubwa.

"Juu ya nini? Haukubapa chakula?"

"Balikula muzuri. Ni jiwe. Bamekuta jiwe mu musingi, jiwe ya jiko, iko na masizi upande moja. Banasema muntu aliizika pale juu ya bulozi. Bameikala pa inje, banangojea pasta."

Nikazirudisha nyanya za watu mahali pake. Nilijua ni jiwe gani, na mlozi wake, mchawi huyo, nilimjua pia. Alikuwa na miaka minane, na ujira wake ulikuwa pipi moja.

"Baambie batulie," nikasema. "Minakuja. Ile jiwe, miye njo niliibeba."

Nilipofika kesho yake, kilichonipokea kwanza ni harufu. Masizi ya zamani yaliyolowa, yamechanganyika na simenti mbichi. Wenzangu wa rika langu wakiulizwa harufu ya utoto wao hutaja maandazi, au mvua ya kwanza, au mafuta ya nywele ya mama. Yangu ni hiyo ya masizi na simenti, na kila ninapoinusa natafuta pa kukaa. Kuna uchovu wa mwaka mmoja wa utoto wangu ambao sijawahi kupumzika nikaumaliza. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalitazama jiwe langu.

Wazazi wangu walivuka ziwa Mweru kutoka Kilwa, upande wa Kongo, kabla sijazaliwa. Walivuka pamoja na mama yake baba, bibi yetu, ambaye sisi wote tulimwita Kambo. Baba alikuwa mchuuzi wa chisense, vidagaa vyetu vya Mweru. Alivinunua bandarini na kuvipeleka mbali kwa malori, na nyumbani tulimwona wiki moja kati ya nne. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mama na Kambo, na sisi watoto tukipita katikati ya miguu yao.

Jiko la wakati ule lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Paa la nyasi, mlango mmoja ulioelekea ziwani, dirisha hakuna. Ndani mlikuwa na giza hata saa sita mchana. Ukiingia, kushoto kwako kulikuwa na kishimo ukutani, ndimo kopo la chumvi lilimokaa. Kulia, juu ya kichanja cha miti, sufuria zilifuatana kwa ukubwa. Mwiko ulichomekwa kwenye nyasi juu ya mlango. Na katikati yalikaa mafiga matatu ya Kambo, mawe meusi ambayo aliyapanda mwenyewe mwaka waliofika.

Mafiga hayo hayakuguswa. Kwetu mwanamke akishapanda mafiga yake hayahamishwi mpaka siku ya kifo chake, na hapo wanawake wenzake ndio wanaoyang'oa. Kuyasogeza mwenyewe akiwa hai ni kama kumwambia kwamba umeshamngoja vya kutosha. Hata Ilunga, ambaye aligusa kila kitu duniani, hakuyagusa.

Humo ndani Kambo alitawala. Alipika bukari ya muhogo, ugali wetu, bila kupima unga wala maji, na haikuwahi kuwa laini mno wala ngumu mno. Akiwa ametupa mgongo, akikoroga, sisi tukiingia kwa vidole vya miguu, alisema, "Ilunga, acha ile samaki." Na kweli mkono wa Ilunga ulikuwa tayari juu ya samaki. Tuliamini ana macho ya kisogoni. Mimi niliamini hata zaidi ya hapo, niliamini hakuna mtu Kashikishi nzima anayeona kama yeye.

Kila asubuhi alinikagua. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa jiko, akaniita, akaushika uso wangu kwa viganja vyote viwili. Vidole gumba vilipita juu ya nyusi, vikashuka puani, vikazunguka pembe za mdomo, vikapanda tena mashavuni. Mikono yake ilikuwa mikavu, inanuka moshi na kitunguu. "Haujanawa muzuri," alisema. Au, "Leo unanuna, nani amekukasirisha?" Au, "Pua ya baba yako, maskini." Ukaguzi huo niliuchukia. Watoto wengine walikaguliwa kwa macho na kuachiwa waende.

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa haya: "Rudisha pa fasi yake." Ukitoa kikombe, rudisha mahali pake. Ukitumia mwiko, rudisha mahali pake. Sijui mtoto mwingine aliyelelewa na sentensi moja namna hiyo. Siku moja nililiacha kopo la chumvi chini, kando ya mlango, nikaenda kucheza. Mama alinifuata mpaka kwa jirani, akanichapa mbele ya watu. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka kuchapwa naye. Nilimwekea kinyongo. Nilijiambia mama anamwogopa mkwe wake, na hasira ya woga huo anatumalizia sisi. Tena kulikuwa na ile kazi ya Jumapili: "Mushike kambo yako mukono mpaka ku kanisa." Wenzangu wanakimbia mbele na viatu vyao vya Jumapili, mimi natembea mwendo wa bibi kizee.

Basi baba akarudi safari moja na wazo. Hakuna kitu kinachochosha nyumba kama mwanamume aliyerudi na wazo.

"Moshi itamumaliza mama yangu macho," alisema tukiwa tunakula. "Kila siku macho inatoka machozi sawa muntu wa kilio. Tutabomoa ile kibanda. Tutajenga kuizini, jiko ya matofari, na dirisha, na mabati pa juu. Apike amesimama, sawa bamama ba Lubumbashi."

"Ya zamani inatutosha," mama akasema.

"Inatosha nini? Weye unapenda moshi?"

"Inatutosha, baba Ilunga."

Baba akacheka, akatuambia sisi watoto kwamba mama yenu angeolewa na kuni kama kuni zingetoa mahari. Mama aliendelea kuchambua miiba ya samaki na kuiweka pembeni ya sahani ya Kambo, kama alivyofanya kila siku. Baadaye sana ndipo Kambo alipofungua mdomo: "Mujenge. Lakini mafiga yangu muache."

"Tutajengea pa juu yake, mama," baba akasema. "Usiogope."

Sasa, fundi. Kila mwaka masika yanapoanza, serikali inafunga ziwa ili samaki wazae. Miezi mitatu hakuna kutega wavu. Wavuvi wote wanakuwa na mikono mitupu, na bei ya kazi yoyote ya nchi kavu inashuka. Hapo ndipo wanageuka kuwa maseremala, mafundi baiskeli, na waashi. Baba akampata mmoja, Ba Chansa, mtu mrefu wa kucheka ovyo, mvuvi wa kuzaliwa na mwashi wa miezi mitatu. Alikuja nyumbani mvua ya kwanza ilipokauka, akazunguka kibanda chetu mara moja, akasema wiki sita zinatosha. Baba alifurahi. Mtu aliyeishi kwa samaki maisha yake yote ndiye angepaswa kuwajua wavuvi, lakini baba alimwamini.

Kubomoa kulichukua asubuhi moja tu. Nyasi zilishuka na vumbi jeusi, tukakohoa mpaka jioni. Kambo aliketi barazani ameelekea upande mwingine. Kuta zilipoanguka nilishangaa jinsi jiko lilivyokuwa dogo. Mafiga matatu yalibaki katikati ya uwanja, juani, yanaonekana kama watu waliovuliwa nguo.

Pwani yetu ni mchanga, mawe ni ya kutafuta. Ba Chansa alitaka mawe ya msingi, na akatangaza kwa watoto wote wa mtaa: jiwe moja, pipi moja. Zilikuwa zile pipi za kijani zinazopaka ulimi rangi. Mliokua nami mnazikumbuka. Tulitawanyika kama kuku. Nilileta jiwe la kwanza, nikalamba. Nikaleta la pili. La tatu nilikuwa sina pa kulipata, na Ilunga alikuwa anakuja na moja kubwa, anacheka tayari. Nikatazama barazani. Kambo amenipa mgongo. Nikaliinua figa lililokuwa karibu nami, zito, la moto upande mmoja kwa jua, nikalibeba tumboni mpaka kwenye mtaro. Ba Chansa hakutazama hata. Alilitia pembeni ya msingi, akaliwekea udongo na simenti, akanipa pipi.

Jioni ile mama aliwasha mbaula barazani, lile jiko la bati la makaa. Kambo alikuja kukoroga uji kama kawaida. Akanyoosha mkono wake wa kulia, polepole, na kuuweka juu ya makaa.

Sitaki kueleza ile sauti. Mama alimvuta, akamwagia maji, akamfunga kitambaa. Baba alisema mbaula imewekwa vibaya. Lakini mimi nilikuwa nimeuona uso wa Kambo kabla mkono haujafika. Alikuwa anatazama makaa mekundu, na hakuyaona. Rangi ya pipi ilikuwa bado ulimini mwangu. Nikaelewa, kama mtoto anavyoelewa, mara moja na kwa kosa: nimeng'oa figa lake akiwa hai, na macho yake yametoka nalo.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Jiwe lilikuwa tayari chini ya matofali.

Kama hujawahi kuishi ndani ya nyumba isiyo na jiko wakati wa masika, usiniambie umechoka. Tulipika barazani mpaka upepo wa ziwa ukageuka na kutuletea mvua kwenye sufuria. Tukahamia chumba cha mbele, moshi wa makaa ukatuumiza vichwa. Tukarudi nje, chini ya turubai lililofungwa kwenye mti wa mpapai, mpapai ukaanguka. Kuni zilikuwa mbichi. Mchanga wa Ba Chansa uliingia kwenye unga, kwenye sombe, kile kisamvu chetu, kwenye meno. Kila jioni ilikuwa lazima kuuliza upya: kisu kiko wapi, chumvi iko wapi, nani ameona kifuniko? Tuligombana kwa ajili ya vijiko. Mama alianza kulala amekaa. Na ile sentensi yake ikawa nyingi kuliko mvua, rudisha pa fasi yake, rudisha pa fasi yake, wakati hakuna kitu kilichokuwa na mahali.

Kambo aliharibika mbele ya macho yangu. Alitia chumvi kwenye chai, akapindua maji ya moto, akajikwaa kwenye rundo la matofali ambalo jana halikuwa pale. Siku moja aliushika mlango wa jirani akidhani ni wetu, akaupapasa juu na chini, na yule mama wa jirani akawaita watoto wake ndani. Kwenye mtaa wetu bibi kizee mwenye macho mekundu anayepapasa milango ya watu hasalimiwi vizuri. Baada ya hapo Kambo aliacha kupika. "Leo nimechoka," alisema, na kesho yake pia leo ilikuwa imechoka. Aliketi barazani, mkono wenye kitambaa juu ya mkono usio na kitambaa. Asubuhi hakuniita tena kunikagua. Nilipita mbele yake na uso mchafu makusudi, aniite, hakuniita.

Wiki sita zilipita, zikapita nyingine. Kuta zilifika kiunoni mwa mtu mzima. Halafu ziwa likafunguliwa. Asubuhi ya siku ile tulimngoja Ba Chansa na chai yake, ilipoa. Baba, ambaye alikuwa nyumbani kwa bahati, alimfuata bandarini, nami nikiwa nyuma yake. Tulimkuta ndani ya mtumbwi, wavu begani, anaondoka kwenda upande wa Mununga.

"Ba Chansa! Na kuizini yangu?"

"Awe mukwai," akasema, yaani hapana bwana, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha biashara, anacheka bila aibu. "Nyumba inakaa palepale. Samaki hakai. Ziwa ikifunga, mi narudi."

Ndivyo tulivyobaki na jiko la kiunoni, lisilo na paa, mvua ikilijaza kama beseni.

Baba alimtazama mama yake kwa siku tatu mfululizo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumtazama kwa siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaketi karibu naye.

"Mama, umechoka. Nitakupeleka kwa dada yangu, kule Kilwa. Ni mpaka tu kuizini itaisha."

"Na itaisha wakati gani?"

Baba akatazama kuta zake.

"Sikiliza, mutoto yangu," Kambo akasema, bila kupandisha sauti. "Kule nitakuwa mugeni. Mugeni banamunawisha mikono, banamupa chakula, anaikala. Hapa njo kwangu. Hapa nilikuwa napika."

"Sasa haupike tena, mama."

"Ndiyo," akasema. "Sasa sipike tena. Basi unipeleke."

Nilikimbia nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikatapika. Nilijua wazee wanaovushwa ziwa kwenda kupumzika; hawarudi. Na nilijua ni mimi ninayemvusha.

Jioni ile mama alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alisimama mbele ya baba akamwambia, "Unipe wiki moja." Baba akamwuliza ya nini. "Wiki moja tu, baba Ilunga. Sijakuombaka kintu." Ilikuwa kweli, hakuwahi kumwomba kitu, na baba akampa.

Wiki ile mama hakupumzika. Alichota maji yote kutoka ndani ya zile kuta. Alikata matete akayasimamisha juu ya matofali, akayakandika udongo, akafunika juu kwa turubai na nyasi za paa la zamani. Mlango ambao Ba Chansa aliuelekeza barabarani aliuziba, akabomoa matofali upande wa ziwa kwa shoka la kuni. Mimi nilibeba udongo mpaka mabega yakawaka moto. Alasiri ya mwisho nilimkuta amesimama peke yake mlangoni, macho ameyafumba. Akaingia hatua mbili. Akanyoosha mkono wa kushoto, akapapasa ukuta, akatikisa kichwa, akafumbua macho, akachimba kishimo kile cha chumvi upya, chini kidogo. Akatoka. Akafumba macho, akaingia tena. Mkono wa kulia, sufuria. Akazipanga tena. Akatoka, akaingia. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilidhani uchovu umemtia wazimu, au kwamba anaomba Mungu kwa namna ambayo kanisani hatukufundishwa.

Kisha akachimbua mafiga mawili yaliyokuwa yamefunikwa na matope, akayaosha, akayaweka palepale yalipokuwa. Akageuka.

"Ya tatu iko wapi?"

Nilitazama miguu yangu. Alinitazama muda mrefu, mama yangu. "Figa mbili hazibebe sufuria," akasema mwishowe. "Enda ku ziwa. Lete ingine yenye kulingana."

Nilitafuta mpaka jua likaelekea kuzama. Mchanga, mchanga, makombe, mchanga. Mwishowe nikaona mtumbwi mkuukuu uliovutwa nchi kavu, na kando yake jiwe lake la nanga, limeliwa na kamba katikati mpaka likafanya kiuno. Sikumwomba mtu. Figa la Kambo nililibeba kwa ajili ya pipi. Hili nililibeba nikilia, nikimwahidi Mungu kwamba nikilifikisha na yeye arudishe macho.

Siku ya safari mfuko wa Kambo ulikuwa mlangoni, umefungwa kwa kitenge. Mama akamshika mkono, akamwongoza nyuma ya nyumba mpaka kwenye ule mlango wa matete unaoelekea ziwani. Hapo akamwachia. Baba alisimama nyuma, ana haraka ya boti.

Kambo alisimama. Akanusa. Akaweka mguu ndani, hatua mbili, na mkono wake wa kushoto ukaenda ukutani peke yake na kutoka na kopo la chumvi. Akalishika kopo lile kifuani. Kisha mkono wa kulia, sufuria ya pili kwa ukubwa. Akainua mkono juu ya mlango, mwiko ulikuwepo. Akakaa. Akainama kwenye mafiga, akapitisha kiganja juu ya la kwanza, la pili, na la tatu. Kwenye la tatu kiganja kikasimama, kikazunguka kile kiuno kilicholiwa na kamba.

"Hii ni mugeni," akasema.

Akaligonga kwa kidole, mara mbili.

"Si kintu. Atazoea. Mulete unga."

Tulikula bukari siku ile, haikuwa laini mno wala ngumu mno. Baba alikula amechuchumaa mlangoni. Boti iliondoka bila wao. Alipomaliza alinawa, akauchukua mfuko wa kitenge mwenyewe na kuurudisha chumbani, na habari ya Kilwa haikutajwa tena. Ziwa lilipofungwa Ba Chansa alirudi kama alivyoahidi, akacheka, akamaliza kuta na mabati kwa nje. Mama alimkataza kuingia ndani hata kwa kipimo. Kambo alipika humo miaka minne. Asubuhi ya kwanza baada ya bukari ile aliniita akaushika uso wangu, nami nikajua kwamba nimesamehewa na kwamba macho yamerudi. Alipokufa wanawake waling'oa mafiga mawili na lile jiwe la nanga. La kwangu lilibaki msingini, na mimi nilikua juu yake.

Nilipokuwa mkubwa niliirekebisha hadithi kidogo, kama tunavyofanya wote. Nikasema ulikuwa uzee, labda mtoto wa jicho, na macho yalianza kumwisha mwaka ule kwa bahati mbaya tu. Lakini moyoni lile jiwe halikupungua uzito.

Mafundi wa Ilunga niliwaeleza habari ya pipi. Walicheka, wakasema hata hivyo pasta aje. Nikaenda kukaa na mama uani. Amezeeka sasa, alikuwa anamenya muhogo, maganda yanaanguka kwenye beseni. Nikamwambia yote, tangu pipi mpaka makaa. Nikamwambia, "Mama, miye njo niliharibu Kambo macho."

Kisu kikasimama.

"Weye?"

"Niling'oa figa yake."

"Nilikuona ukiibeba," akasema. "Nilikuwa pale. Ningepiga kelele, baba yako angeuliza ni nini, na mambo yote ingetoka." Akanitazama kama siku ile ya matope. "Kumbe unabebaka ile mpaka leo? Mutoto yangu. Kambo yako alivuka ziwa macho yake inaisha. Ile kibanda alijenga na mikono yake, kila kintu akaweka pa fasi, juu alijua giza inakuja. Baba yako asijue, aliniapisha. Kama batu bangejua, bangesema mulozi, ao bangemuvusha. Muke hasemake kwa bwana yake mambo ya mwili ya mama yake, nikanyamaza. Siku ile ya chumvi alitafuta kopo mpaka akalia, mi namuangalia."

"Giza ilimufikia wakati gani?"

"Mbele nikuzale, weye haujazaliwa bado." Akaanza tena kumenya, polepole. "Hakukuonaka, mutoto yangu. Hata siku moja."

Nilibaki nimekaa. Ndani mafundi walikuwa wamerudi kugonga, na Ilunga anawauliza kwa sauti sinki itakaa wapi. Nilikuwa nafikiria viganja viwili vikavu vinavyonuka moshi na kitunguu, vidole gumba juu ya nyusi zangu, puani, pembe za mdomo. Miaka yote nilidhani anatafuta uchafu. Alikuwa ananitazama. Na mimi asubuhi nyingi nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza, nikauvuta uso wangu kabla hajamaliza.